Pima Tatu za Mama

Mama alipopata kiharusi, watu wa mtaa wetu hapa Ifakara walimpenda mpaka wakakaribia kummaliza. Nasema hivyo nikijua wapo watakaochukia, na wachukie. Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa si zote zinazowaelekea wao.

Ilikuwa masika, wakati bonde limejaa maji na njia za mashambani hazipitiki. Mama alikuwa amekaa uani akipepeta mchele. Ungo ukamponyoka, naye akaangukia upande wa kulia. Tulikaa hospitali wiki tatu. Tuliporudi nyumbani, mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia, mguu anauburuta, na maneno yamekwisha. Kuelewa alielewa kila kitu. Ukimwuliza kama anataka uji, alijibu kwa kichwa bila kukosea. Lakini akifungua mdomo ilitoka sauti moja tu, ile ile kila mara, na mwenyewe aliisikia kuwa siyo, akafumba mdomo kwa aibu. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, naishi naye katika nyumba aliyotuachia baba. Nimezoea watoto wanaohangaika kutamka. Sikuwa nimezoea mama yangu kukosa la kusema, maana yeye alikuwa msemaji, na ukimkosea alikuwa anakugombeza kwa Kipogoro mpaka unatamani akuchape yaishe.

Wageni walikuja, wakaja tena. Walileta mchele, ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Kila aliyeingia alisema pole mama, pumzika, kisha akamwondolea alichokuwa ameshika. Akishika kikombe kwa mkono wa kushoto, mtu anakichukua ili amnyweshe. Akijaribu kujifunga kanga, wanainuka wawili kumfunga. Siku moja nilitoka jikoni nikakuta wamemwondolea hata rozari mkononi, wameiweka mezani, wanasali wao. "Wewe pumzika mama, sisi tutakusalia," mmoja alikuwa anamwambia, na mama anaitazama rozari yake pale mezani. Nilikereka, lakini nikanyamaza. Kwetu mgonjwa akionekana anafanya kitu kwa mkono wake, ni fedheha kwa wenye nyumba. Anayempenda mgonjwa humlaza, na mimi nilitaka nionekane ninampenda.

Aliyenizindua, karibu miezi minne baadaye, ni kijana mmoja wa hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimpa mama mpira mdogo wa kuminya. Mama aliutazama mpira ule, akaniangalia, akauacha uanguke. Kijana hakukasirika. Aliuokota, akaniuliza, "Mwalimu, mama alikuwa anafanya kazi gani ya mikono?"

"Kusuka mikeka," nikamwambia.

"Basi mpe hiyo. Huu mpira hauna maana kwake."

Kusuka mikeka ni neno dogo kwa alichokuwa anafanya. Mama aliletwa huku bondeni akiwa bibi harusi kutoka upande wa Mahenge, akafundishwa kusuka na mama mkwe wake, na baada ya miaka michache mama mkwe akawa anakuja kuomba kuonyeshwa. Wengine huchukua rangi za unga dukani na kuzichemsha zilivyo. Mama alichanganya, akarudia, akamwaga, akaanza upya. Maji ya mafuriko yalipopungua alinipeleka ukingoni mwa bonde, nikiwa mtoto, tukasimama mbele ya mayungiyungi mpaka miguu inaniwasha kwa majani. Alikuwa anataka ile zambarau ya ua. Aliwahi kuniambia kuwa Mungu hakulazimishwa kuyatia mayungiyungi rangi. Angeweza kuyaacha yawe majani tu na samaki wangejificha humo vile vile. Aliyatia kwa kupenda, na kwa mama hiyo ilikuwa sababu ya kutosha ya kutosuka mkeka ovyo. Sijasikia mahubiri yaliyonielea kuliko hayo.

Basi Jumamosi moja nilipanda bodaboda kwenda upande wa Kiberege kutafuta ukindu, majani ya mkindu ya kusukia. Zamani tulikuwa tunayakata karibu na mji. Sasa mikindu imeng'olewa, kila penye unyevu watu wamepanda mpunga, na unayemwuliza anakushangaa kama unatafuta dhahabu. Nilirudi na mizigo miwili. Nikaanika, nikachana, nikatia rangi kadiri nilivyokumbuka, nikalowesha, nikamwekea mama mapajani bila kusema neno.

Aliinua jani moja akalinusa. Kisha akalia kwa muda mrefu, machozi yanamshuka upande mmoja wa uso zaidi ya mwingine. Nilitaka kuyaondoa yale majani nimbembeleze, na nashukuru kwamba chungu kilichemka jikoni nikaondoka. Niliporudi alikuwa ameuma ncha za majani kwa meno, mkono wa kulia ameulaza juu ya paja kama jiwe la kuzuia karatasi, na mkono wa kushoto unahangaika. Siku ile alipata ukili wa urefu wa kidole. Ukili ni ule utepe unaosukwa kwanza. Ukishapata tepe nyingi ndipo unaziunganisha kwa sindano, mkeka unapatikana. Urefu wa kidole si kitu. Usiku huo mama alilala bila kunung'unika.

Wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya ibada, walikuja akina mama watatu wa jumuiya yetu ndogo, wakiongozwa na mwenyekiti. Walimsalimu mama, shikamoo mama, wakajibiwa kwa kichwa. Wakaomba kuongea na mimi sebuleni.

"Mwalimu, tumekuja kwa upendo," mwenyekiti akaanza.

Nikajua nimekwisha. Hakuna jema lililowahi kufuata maneno hayo.

"Watu wanasema unamfanyisha mama kazi."

"Watu gani?"

"Watu tu. Kapita mtu hapa kamwona mama wa watu anauma majani kwa meno, udenda unamtoka, na wewe umekaa pembeni unasahihisha madaftari. Wanasema unamsukisha mikeka ukauze. Sisi hatuamini. Lakini mama mgonjwa, mwalimu. Kapakwa mafuta matakatifu. Mwache apumzike."

Hapa naomba nieleze kitu, maana ndicho kilichonipandisha damu. Miezi michache kabla ya mama kuugua, tulikuwa na semina kwenye ukumbi wa parokia. Alikuja mgeni kutufundisha juu ya uponyaji kwa njia ya sanaa. Tulipewa penseli za rangi, tukachora huzuni zetu, tukafinyanga udongo, tukaambiwa kwamba Mungu ni muumbaji na anayeumba chochote anashiriki kazi yake. Wanawake hawa hawa watatu walikuwepo. Mwenyekiti alichora mto, akasimama mbele yetu kuueleza, akalia, tukampigia makofi. Tulikunywa soda, tukapiga picha. Basi sanaa inaponya ikiwa ukumbini na ina mgeni. Ikihamia uani kwangu, kwenye mdomo wa mama yangu unaotoka udenda, imekuwa mateso.

Nikawaambia hayo yote. Niliwaambia na mengine ambayo sitayaandika. Mwenyekiti aliinuka akajifunga kanga vizuri, akasema atanisamehe kwa kuwa nimechoka. Nilipofunga mlango, kule uani mama alikuwa ameendelea kusuka kana kwamba tuliokuwa tunagombana ni kuku.

Jumapili iliyofuata mambo yakawa mabaya zaidi. Kigango chetu, kanisa dogo chini ya parokia, kina desturi moja ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wetu, kila nyumba huleta pima tatu za ukili, yaani urefu wa mikono iliyonyooshwa mara tatu, kisha wanawake hukutana kuzishona pamoja. Mkeka huo hutandikwa mbele ya altare, na padre akija husimama juu yake. Hakuna nyumba mbili zinazosuka sawa, kwa hiyo ukiutazama unaweza kusema hapa ni fulani, hapa ni fulani. Wa mama ulijulikana kwa ile zambarau.

Katekista alisoma majina ya nyumba. Alipofika kwetu alisema kwa sauti ya upole, "Mama yetu huyu amesamehewa."

Mama alikaa pembeni yangu kwenye benchi. Nilihisi bega lake limeshtuka. Kusamehewa ni kwa aliyekosa, na yeye alikuwa amekosa nini? Miaka arobaini amesukia altare ile, na siku anapohitaji kuhesabiwa miongoni mwa watu wanamfuta kwa upole. Nikasimama katikati ya ibada, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, nikasema nyumba yetu italeta pima tatu na zitasukwa kwa mkono wa mama mwenyewe. Watu waligeuka. Katekista aliniangalia juu ya miwani, akaandika.

Baada ya kusema hivyo nilianza kuogopa. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Mama alisuka kila siku. Asubuhi kabla sijakwenda shule nilimlowekea majani, na jioni nilikaa naye uani na rundo la madaftari yangu. Midomo yake ilikuwa inacheza alipokuwa anasuka, nadhani alikuwa anasali, ingawa sikusikia neno. Mara moja aliimba kwa mdomo uliofumba wimbo wa kanisani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sauti ya pili, bila kukosea noti. Alikuwa ametulia. Anakula mwenyewe, na akimaliza kula anaonyesha kwa kidevu aletewe kazi yake. Hata rangi ya uso ilimrudia.

Lakini ukili wenyewe, Mungu anisamehe, ulikuwa mbaya. Kingo zinaingia na kutoka. Pengine umebana, pengine umelegea mpaka unapitisha mwanga. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Siku nzima kazi yangu ni kuona mstari uliopinda na kuunyoosha. Kila nilipoutupia jicho nilimwona mwenyekiti ameushika kwa ncha za vidole, anamwangalia mwenzake. Nilimsikia anasema, tulimwambia mwalimu. Nikiwa darasani nilimsikia. Wakicheka kidogo tu, nilijiambia, mama hatasuka tena, atajilaza akigeukia ukuta, na mkono ule utakufa moja kwa moja. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na sehemu yake ilikuwa kweli.

Wiki ya mwisho nikachukua ukindu wenye rangi zile zile, nikawa ninasuka ofisini kwa walimu saa za mapumziko. Mama alinifundisha vizuri. Nilipata pima tatu zilizonyooka, zambarau inapishana na weupe inavyotakiwa. Ijumaa mchana, mama akiwa amelala, niliutoa ukili wake chini ya mto nikaweka wa kwangu. Wa kwake nikautupa kwenye shimo la taka nyuma ya choo, juu ya majivu na maganda ya ndizi, nikapanga kuuchoma Jumatatu. Nilinawa mikono, nikapika chakula cha jioni.

Jumamosi asubuhi tulikutana katika ua wa kigango, wanawake kama ishirini, tumekaa chini na miguu tumeinyoosha, mama pembeni yangu. Bibi mmoja ambaye ndiye fundi wetu wa kushona alipokea ukili wa kila nyumba, akaupitisha vidoleni, akaona pa kuuweka. Ilipofika zamu yetu nilimpa. Aliukunjua pima ya kwanza, akakunjua ya pili.

"Jamani," akasema, "mama karudi."

Wakapiga vigelegele. Mwenyekiti alisogea akapiga magoti mbele yangu, na machozi yanamtoka kweli kweli, akasema, "Mwalimu, nisamehe. Nilikudhania vibaya." Nami nikamsamehe. Nitalikumbuka jambo hilo mpaka naingia kaburini: nilikaa pale shingo nimeinyoosha, nikapokea ile toba, nikamsamehe mtu kwa kosa nililolifanya mimi kuliko yeye. Nilisikia raha.

Yule bibi fundi, kwa heshima, akaurudisha ukili mapajani mwa mama ili mama mwenyewe ndiye aukabidhi. Mama aliushika. Akaupitisha chini ya dole gumba la kushoto, polepole. Dole likasimama. Akarudi mwanzo, akapitisha tena. Kisha akainua uso akaniangalia, na nikaona taya lake linafanya kazi.

"Huu si wangu," akasema, kwa Kipogoro.

Maneno yalitoka mazito, kingo zimepinda, lakini yalikuwa maneno. Miezi saba hatukuwa tumesikia hata moja. Waliojua Kipogoro wakashika midomo, wasiojua wakauliza kasema nini, na kabla hawajajibiwa uwanja mzima ulikuwa umelipuka. Walisimama, wakacheza, wakamshukuru Mungu, mmoja alikimbia kumwita katekista. Muujiza, muujiza. Nilikaa katikati ya kelele zile. Walifurahi kwamba amesema, na hakuna hata mmoja aliyejali amesema nini. Walikuwa wamemngoja miezi yote hiyo aongee, na alipoongea wakamfunika kwa vigelegele.

Mama hakuwa anafurahi. Alipiga mkeka aliokalia kwa kiganja cha kushoto mpaka waliokuwa karibu wakatulia.

"Wangu uko wapi?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Wasiojua lugha wasingeelewa, na wanaojua wangeniamini, kwa kuwa mimi ni mwalimu na yeye ni mgonjwa. Nilimjibu kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Nimeutupa, mama. Huu nimesuka mimi. Wako ulikuwa umepinda, nikaona aibu."

Mwenyekiti alikuwa bado amepiga magoti. Sikuthubutu kumwangalia.

"Kalete," akasema mama.

Nilikwenda nyumbani na kitenge changu cha kanisani, nikaingia kwenye shimo la taka, nikachakura kwa mikono. Ulikuwa umelowa, umeshika majivu. Niliusuuza bombani, nikaukunjua juu ya majani ili niukamue, na kwa mara ya kwanza niliutazama wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pima ya kwanza ilikuwa fujo, alama za meno zinaonekana. Katika ya pili alama za meno zinapungua, kisha zinaisha. Ukingo wa kushoto unaanza kunyooka, wa kulia bado unayumba. Na kwenye pima ya tatu, kama dhiraa moja kutoka mwisho, kingo zote mbili zimenyooka. Si sana, lakini zimenyooka. Anayejua kusuka anajua kwamba mkono mmoja hauwezi kufanya hivyo. Lazima wa pili uwe umeshika. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umerudi tangu wiki kadhaa nyuma, kwangu, uani, mita moja kutoka kwenye madaftari yangu, na mimi nilikuwa nimekaa pale kila jioni nikiwaza watu watasema nini. Nililia pale bombani kwa hasira, na hakukuwa na mwingine wa kumkasirikia.

Niliporudi nao walikuwa wamekaa wananisubiri. Nilipiga magoti mbele ya mama, nikaushika kwa mikono miwili unachuruzika maji, nikamwomba msamaha mbele ya wale wale niliowafokea. Alinyoosha mkono wa kushoto. Kisha akausimamisha hewani, akaurudisha. Kwetu kitu cha heshima hakipokelewi kwa kushoto. Akaanza kuinua wa kulia kutoka kwenye paja, na vidole vinatetemeka, na bega linatetemeka. Ulichukua muda mrefu kufika, na hakuna aliyemsaidia.